Tuliposhindana na Maji

Akinyi, rafiki yangu wa Doha, kafika kwangu Wete juzi, kabeba begi moja na mfuko wa nailoni, na kabla hajavua viatu akanitupia ule mfuko kifuani. "Shika mzigo wako," akasema. "Wale watu wa forodha karibu wapasue hii kitu waone kama nimeficha madawa." Nikaufungua. Ndani mna takia langu, lile la kukalia, la kanga mbili zilizoshonwa pamoja, rangi zimepauka lakini uzi haujaachia. Wala sikuwa nimelisahau kokote. Nililitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na niliyempa hakuwa mtu wa kurudisha kitu angali hai. Nikajua. Akinyi naye akaacha mzaha, akakaa kitako barazani. "Yumma ameenda, Riziki. Mwezi uliopita, usingizini. Mwanawe Khalid alikuja mwenyewe mpaka getini kwetu Lusail, akasema hili lirudi kwa mwenyewe." Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikajifunika lile takia usoni. Bado linanukia udi. Nikalia, kisha nikajikuta nacheka na machozi bado yanatoka, kwa sababu Yumma hakuwahi kumruhusu mtu alie mbele yake akamaliza.

Kwetu sitakueleza, wala viza nilivyoipata, wala nani alinisindikiza uwanjani. Hayo kila aliyekwenda Uarabuni anayo ya kwake na yote yanafanana. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwa Yumma, Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Jina lake hasa silo hilo. Yumma ndivyo wanavyomwita mama kule, na nyumba nzima tulimwita hivyo, kuanzia Khalid mwanawe hadi Kato, dereva wetu wa Kiganda. Kazi yangu ilikuwa yeye peke yake: chakula chake, dawa zake, nguo zake, chetezo chake cha udi. Katika nyumba yenye vyumba vya kupotelea, alivikataa vyote akachagua kile cha chini kilichopakana na jiko, chenye zulia jekundu na dirisha linalotazama ukuta, kwa kuwa alipenda kusikia sufuria zikigongana. Wenziwe wakila machibusi ya kuku, ule wali wao wa viungo, mezani, yeye alitaka mkate uliorowekwa mchuzi, tena ananikalisha nile naye sinia moja. "Chakula cha mtu mmoja hakina baraka," anasema, na ananisogezea kipande cha nyama kilicho upande wake. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Kurani. Mwezi wa kwanza nilipomwambia chai iko tayari, alidhani naanza kutoa hotuba ya Ijumaa, na alicheka mpaka akakohoa. Taratibu nikaokota kile cha jikoni, tukawa tunasikilizana.

Macho yake yalikuwa yanafunga. Yalianzia pembeni yakaja katikati, hata akawa anakutazama kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Siku moja ya joto kali nilikuwa nje ya mlango wake na sinia ya chai ya maziwa, nikasikia Khalid anaongea kwa sauti ya chini. Sikusimama kusikiliza, nilisimama kwa sababu mikono ilikuwa imejaa na mlango umefungwa, lakini masikio hayana mlango. "Daktari anasema majira ya baridi ya mwakani hutaona kitu, Mama." Yumma akauliza, "Na ya mwaka huu?" "Ya mwaka huu, inshaallah, kidogo." "Basi kidogo kinanitosha. Mvua ya mwaka huu nataka nishindane na maji." Khalid akashusha pumzi. "Mama, nitakwenda mimi, nitakupigia video." "Video!" akasema Yumma. "Nikishindana na simu nitamshinda nani?"

Maji yenyewe ni haya. Nyuma ya mashamba ya Umm Salal upo mfereji wa kale, wa mawe na chokaa, waliouchimba watu wa zamani kuleta maji ya mvua kutoka bondeni hadi birika la mashamba. Miaka mingi ulikuwa umemezwa na mchanga. Muda mfupi kabla sijafika ulizibuliwa, ukatiwa mlango mpya wa mbao, na ubavuni mwake ikapitishwa njia ya baiskeli, ya changarawe iliyoshindiliwa, yenye mikunazi na mitende. Gari haipiti, pikipiki haipiti. Watu wa Doha walikuja na baiskeli zao za gharama kutazama mawe. Lakini Yumma aliujua mfereji ule ukiwa mzima. Kila mvua kubwa mlango wa maji ulifunguliwa asubuhi, na watoto wa mashamba walisimama pale kusubiri kichwa cha maji, lile povu la kwanza linalotangulia na majani makavu na wadudu. Sheria yao ilikuwa moja: mgeni hutangulizwa, na mgeni ndiyo maji. Unayaacha maji yapite mkunazi wa tatu, ndipo unakimbia, na anayefika birikani kabla ya maji ndiye mshindi wa mwaka. Yumma hakushinda hata mwaka mmoja. Alikuwa binti mkubwa, na kila mwaka alikuwa na mtoto mwingine wa mama yake kiunoni. "Maji yalinipita nikiwa nimebeba Abdalla, yakanipita nikiwa nimebeba Jasim, yakanipita nikiwa nimebeba wa tatu, ananitapikia shingoni," akanisimulia. "Ndugu zangu wote wamewahi kuyashinda. Wote. Na nilikuwa na mbio kuliko wao!" Alikuwa amekasirika kweli, bibi wa watu, baada ya miaka yote ile.

Miguu yake sasa ilikuwa ya kutoka kitandani hadi msalani. Walijaribu kigari cha wagonjwa. Asubuhi moja Khalid alimsukuma mwenyewe, mie nyuma na mwavuli, na vile vijigurudumu vya mbele vikazama kwenye changarawe kabla hatujaufikia hata mkunazi wa kwanza. Khalid akasukuma, akavuta, akageuza, kanzu yake nyeupe ikawa mgongoni imelowa chapa chapa. Vijana wa baiskeli wakapita, wanatuonea huruma. Yumma akasema, "Nirudishe."

Alasiri ile alikuwa jikoni kwenye kiti chake, mie nachagua mchele. Nikasema tu, kama mtu anayejisemea, "Kwetu Pemba ungepakiwa." Akageuza shingo. "Ningefanywa nini?" Basi nikamweleza. Kwetu mwanamke hapandi baiskeli kwa kutanua miguu. Anakaa kwenye keria upande upande, miguu pamoja, pindo la buibui amelikunja akalikalia lisiingie kwenye spoki, mkono mmoja kaushika mgongo wa kiti cha anayeendesha. Nimepakiwa hivyo tangu mtoto, kwenda harusini, kwenda mazikoni, kwenda hospitali na uchungu wa kuzaa, na sijaanguka hata mara moja. Kupakiwa ni kazi. Baiskeli ikilala nawe unalala, ikiinuka unainuka, na ukiogopa unanyamaza. Abiria hasaidii, hiyo ndiyo sheria. Akijitia kusaidia mnaanguka wote. Nikamsogezea kigoda nimwonyeshe, lakini Yumma alikwishakaa upande kwenye kiti chake, pindo kalikalia, mgongo umenyooka kama bibi harusi. "Hivi?" "Hivyo hivyo." "Na nani atanipakia? Khalid goti lake bovu, na dereva si maharimu wangu, si ndugu wa damu." Akanielekeza uso, akinitafuta kwa lile tundu la macho yake mpaka akanipata. "Weye."

"Yumma, mie sijui kuendesha. Mie maisha yangu yote nimekaa nyuma."

"Basi sogea mbele," akasema. "Una muda mpaka mvua."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ambayo haikuwamo kwenye mkataba. Kato alikwenda Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, akatafuta kwenye maduka ya mtaani, akarudi na baiskeli ya kijani ya chuma aliyokuwa akiitumia mtu wa duka kupelekea watu magaloni ya maji. Nzito, lo! Lakini keria yake pana, ungeweza kumlaza mbuzi. Nikashona takia kwa kanga zangu mbili, nikalijaza pamba ya mto mkuukuu, nikalifunga na vipande vya mpira wa tairi. Khalid akaiona baiskeli uani, akaniuliza ya nani. Nikamwambia ukweli, ya mama yako. Akacheka akapita, akidhani Kiarabu changu kimenikorofisha tena.

Mwalimu alikuwa Akinyi. Tulijuana siku za mwanzo kabisa, kwenye foleni ya kupimwa afya, pale aliponigeukia akaniuliza kama na mie nimefunga kula ama ni woga tu. Mjaluo wa Kisumu, mrefu, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya pili. Alikuwa askari wa usiku kwenye jengo moja Lusail, wakati Lusail bado ni winchi na vumbi, na barabara pana zilizokamilika zikisubiri magari ambayo hayajaja. Ijumaa baada ya sala ya alfajiri Kato alinishusha pale mie na chuma changu, Akinyi akitoka zamu na sare yake na macho mekundu. Kwao amepanda baiskeli tangu hajaota meno ya pili, na alifundisha kama anavyolinda geti, kwa kupiga kelele. "Aki Riziki, usitazame tairi, tairi haiendi mahali! Angalia mbele! Manze, unaiogopa kwani inauma?" Nilianguka kwenye lundo la mchanga. Nilianguka kwenye utepe wa mafundi, nikajizungushia wote kama sambusa. Kuna siku basi la wafanyakazi lilisimama kwenye taa, na nilipoinuka kutoka chini wanaume dirishani wakanipigia makofi, nami nikawapungia mkono, nifanyeje? Goti limetoka damu lakini heshima bado ninayo.

Mchana tulikwenda kwake Fereej Bin Mahmoud. Yeye anapitia kanisani, mie nasali Adhuhuri kwenye kona ya chumba, kisha tunakutana kwenye sufuria. Chumba kilikuwa na vitanda vya juu na chini, kila kitanda na pazia lake la shuka, na ukivuta pazia umefunga nyumba yako. Tulipika ugali na sukuma na samaki, na kila Ijumaa tuligombana juu ya samaki: mie nataka nazi, yeye anasema nazi ni ya kupaka nywele. Wenzake waliotoka zamu walilala nyuma ya mapazia, wanatusikiliza. Siku moja niliposimulia kwa nini najifunza, pazia la juu likasema, "Huyo mama wa Pemba atamuua Mwarabu wa watu." Pazia la chini likajibu, "Akimvunja mguu, wote tutarudishwa nyumbani, hata sisi tusiomjua." Wakacheka. Mie sikucheka. Niliyajua hayo vizuri, na nilikuwa nikiyafikiria kila nikifua nguo za Yumma na kuona jinsi mwili wake ulivyokuwa mdogo ndani yake. Akinyi akaligonga pazia na mwiko. "Lala wewe. Huyu atampakia shosh wake, nyanya wa watu, na wewe utabaki hapo ukinusa samaki ya wenyewe."

Sijui siku gani niliacha kuanguka. Najua tu kwamba ilitoka kiunoni. Miaka yote niliyokaa nyuma, kiuno changu kilikuwa kikijua kabla ya mwendeshaji kwamba baiskeli inataka kulala. Ila kilikuwa kimekaa mahali pasipo usukani. Siku kilipogundua kwamba sasa usukani ni wake, basi, nikaenda. Nikaenda mpaka mwisho wa barabara ile ya Lusail na kurudi, buibui limefungwa kiunoni, Akinyi anakimbia nyuma na buti zake anapiga vigelegele vya Kiluo. Nilihisi mwili wote umekuwa wa mtu mwingine, mtu mdogo na mwenye kiburi. Hata leo nikiikumbuka ile barabara tupu natabasamu peke yangu jikoni.

Kumpakia Akinyi ndiko kulikonitoa jasho. Alikubali kuwa mzigo wangu wa mazoezi, na mzigo mbaya kuliko yule sijapata kuuona. Kila kona anajipinda upande wake. Kila shimo anashusha mguu. "Abiria hasaidii!" nampigia kelele, na yeye anajibu, "Sasa nikae tu kama viazi?" "Ndiyo! Kama viazi!" Hali ya hewa ilipopoa tukahamia kwenye njia yenyewe ya mfereji, tukaizoea jiwe kwa jiwe. Mahali pamoja palitushinda. Karibu na mwisho, njia inavuka mfereji kwa kidaraja cha mgongo wa punda, kifupi lakini kimesimama, na kila tulipokifikia nguvu ziliniishia katikati, tukashuka, tukasukuma. Mara zote. Nilipomwambia Yumma, aliendelea kutafuna mkate wake. "Nikishuka tutakuwa tumeshindwa," akasema. "Kwa hiyo sitashuka."

Khalid alikuja kujua hasa mawingu yalipoanza kuonekana, na hapo Yumma mwenyewe ndiye aliyemwambia, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa nyumba. Ukazuka ugomvi. "Ukianguka? Nyonga ikivunjika?" "Nyonga ni yangu." "Mama, watu watasema nini?" "Watasema mwanamke mzee kapita, hakuwahi kusimama hata kuwasalimia." Khalid akanigeukia, na alikuwa amekasirika lakini hakunivunjia heshima. Akasema, "Riziki, kama ni salama, nipakie mimi kwanza." Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Yule bwana ni mtu wa mwili, mama yake angeingia ndani yake mara mbili na chenji ikarudi. Nikaleta baiskeli uani. Nikamwambia, "Kaa upande. Miguu pamoja. Pindo la kanzu likalie. Shika kiti hapa, si mie." Akakaa. Nikamwambia, "Na usinisaidie." Tukaondoka, tukauzunguka ua, tukapita mlango wa jiko, tukapita gari, tukapita kisima cha mapambo, Khalid macho kayatoa, kofia imekaa upande, na Kato kajificha nyuma ya nguzo anajiuma ngumi asicheke. Mzunguko wa pili nikasikia nyuma yangu kicheko kidogo, cha mtoto. Nikasimama taratibu. Khalid akashuka, akarekebisha kofia, akasema kwa mama yake, "Mimi nitakuwa nakimbia pembeni, na goti langu bovu hili hili." Yumma akasema, "Kimbia, lakini usitutangulie."

Mvua ilinyesha siku nzima na usiku wake, ile mvua ya kule isiyozoeleka, barabara zote madimbwi. Asubuhi mbingu zikatakata, na habari ikaja kwamba mlango wa maji utafunguliwa. Nilimvisha Yumma abaya yake nzito na soksi mbilimbili kila mguu. Nikamfunga kitambaa vibaya, akakifungua akakifunga mwenyewe. "Unaogopa?" "Naogopa, Yumma." "Vizuri. Ukiogopa unanyamaza, si ulisema hivyo?" Kato akatufikisha mwanzo wa njia. Akinyi alikwishatangulia birikani, ndiye mwamuzi. Watu walikuwepo, si wengi, wamekuja na watoto na birika za chai, na nilipomkalisha Yumma juu ya takia wakaanza kuinua simu. Akakaa kama nilivyomfundisha, pindo kalikalia, mkono kwenye mgongo wa kiti. Mlinzi wa mlango akainua ubao.

Sikuwahi kuyaona maji yakifika mahali patupu. Kwanza sauti, kama watu wengi wanaovua viatu, halafu povu la rangi ya chai likatupita likiwa limebeba majani. Nikaweka mguu kwenye pedeli. "Bado," akasema Yumma. Maji yakaupita mkunazi wa kwanza. Yakaupita wa pili. Mtoto mmoja akaanza kukimbia, baba yake akamrudisha. "Bado, binti." Yakaupita wa tatu, na Yumma akapiga mgongo wangu kofi ambalo sijalisahau. "Yalla!"

Nikakanyaga. Chuma kile kilikuwa kizito kuondoka, kinayumba kushoto, kinayumba kulia, na mara kikashika mwendo. Changarawe imelowa, inavuta tairi. Maji yako mbele yetu ubavuni, nayaona kwa pembe ya jicho, yanajaza shimo yanasita, yanaliacha yanakimbia. Khalid yuko kulia kwangu, kanzu kaishika kwa mkono hadi magotini, anahema kama injini. Tukayafikia maji kwenye mitende. Tukaenda nayo sambamba, na Yumma akaanza kuyatukana, matusi ya watoto wa zamani ambayo Khalid baadaye alikataa kunitafsiria. Tukayapita kidogo. Kisha nikakiona kidaraja.

Nguvu zikaniishia pale pale zinapoishiaga, katikati ya mgongo. Mapaja yanawaka moto, tairi la mbele linatafuta pa kwenda. Nikasikia maji yanapita chini yetu, chini ya daraja, yanatushinda. Khalid akanyoosha mkono kusukuma keria. "Toa mkono!" Yumma akamkemea. "Mkono wako haukualikwa!" Na mwenyewe hakutikisika. Akinyi angekwishashusha mguu, mie mwenyewe nyuma pale ningeomba kushuka, lakini yule bibi alikaa sawasawa juu ya takia langu, hakunisaidia hata chembe, na akaanza kuimba. Wimbo wa mashambani, maneno sikuyajua, ila mdundo niliujua, ulikuwa mdundo wa kutwanga. Mchi juu, mchi chini. Nikainuka kwenye kiti nikasimama juu ya pedeli, nikatwanga. Juu. Chini. Juu. Na ghafla usukani ukawa mwepesi, anga ikawa mbele yetu, tumefika kileleni, na mteremko ukatuchukua.

Sauti ya Akinyi niliisikia kabla sijamwona. "Kanyaga, Riziki! Kanyaga, mama! Manze, yako nyuma! Yako nyuma!" Yumma anapiga kelele, mie napiga kelele, buibui langu limejaa upepo, na mbele yetu birika tupu lenye ngazi za mawe. Nikafunga breki zote mbili. Akinyi akamdaka Yumma, akamshusha kama yai, akamsimamisha kwenye jiwe la mwisho pale mfereji unapoangukia birikani. Maji ya mfereji yalikuwa hayajalifikia jiwe. Yumma akavua kiatu kimoja na soksi zake zote mbili, akainama mpaka uso wake ukakaribia mawe, akatia mguu kwenye mfereji mtupu, akasubiri.

Yakaja. Povu, majani ya mkunazi, na ndala moja ya mtu. Yakakigonga kifundo cha mguu wake, yakauzunguka, yakaanguka birikani. Aliyaona. Naapa aliyaona, maana alikiinua kidole akakifuatisha na povu mpaka chini. "Mmechelewa," akayaambia. "Nilikuwa hapa zamani." Kisha akakaa juu ya jiwe, maji yanampita miguuni, akacheka kicheko kikubwa ambacho sikujua kinaweza kukaa katika mwili mdogo kama ule. Khalid akakaa chini naye na kanzu yake iliyotota, akamshika mabega. Mie nikakaa pembeni na Akinyi, tunashikana mikono. Yumma akaniita. "Miaka yote nimebeba watu," akasema, na akaniwekea mkono kichwani. "Leo nimebebwa, na nimeshinda. Allah akubebe, binti yangu." Nililia pale hadharani, na safari ile moja akaniacha nimalize.

Mwisho wa mkataba nilipoondoka, alitaka baiskeli ibaki na takia libaki. Baiskeli nilimwachia Kato. Takia nilimpa Yumma mwenyewe, akawa analikalia barazani kwake. Akinyi ananiambia kwamba hata macho yalipofunga kabisa, mgeni akiingia lazima asimuliwe, na kila mwaka kidaraja kiliongezeka urefu na maji yalitangulizwa miti zaidi, hata mwisho tukawa tumeyaachia nusu ya njia. Khalid alikuwa akisikiliza na kuitikia, "Ndivyo, nilikuwepo."

Nilirudi Wete najua kuendesha, na watu walishangaa wakachoka. Baiskeli yangu ya sasa ni nyeusi, na mabinti wawili watatu wa mtaani nimekwishawafundisha, mama zao wananung'unika na kisha wanaomba kupakiwa sokoni. Jana ilinyesha mvua ya kumwaga. Ilipokatika, Akinyi akatoka barazani akatazama barabara yetu inayoteremka kuelekea bandarini, na mtaro wa pembeni ulivyokuwa unaanza kujaa huko juu. Akaingia ndani akatoka na takia. Nikamwambia, "Akinyi, tu watu wazima." Akasema, "Shosh alikuwa kijana?" Nikalifunga takia kwenye keria. Akakaa upande, kanenepa sasa, tairi likalia. Tukaviacha vichwa vya maji vishuke na makopo na majani ya mkarafuu, vikapita nguzo ya umeme ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wa jirani wakatoka mlangoni. "Usinisaidie," nikamwambia. "Mimi ni viazi," akajibu.

Tukashuka. Alijipinda kila kona kama kawaida yake, akashusha mguu mara mbili, tukakaribia kuingia dukani kwa mtu. Na maji tukayashinda.